Miche Iliyoamka Saa Sita

Shangazi yangu hakugusa mche kwa zaidi ya miaka ishirini, na sababu ni mimi. Naandika hili mwanzoni kabisa kwa kuwa najijua. Nikianza na vita nitazunguka, nitaeleza njaa, nitaeleza askari, mpaka msomaji anionee huruma, na tukifika kwenye kosa lenyewe atakuwa ameshanisamehe. Asinisamehe kabla hajasikia.

Tulikaa Mikelenge, mtaa mmoja wa mji wa Kindu, Kongo, watu wanne: mama, shangazi ambaye ni dada wa baba, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Baba alikuwa mtu wa reli. Vita ilipokata njia, treni yake ilikuwa imesimama huko kusini, nasi tukabaki Kindu bila habari zake. Mama aliacha kulitaja jina lake, akisema anatunza nguvu.

Mji ulikuwa umezingirwa. Mashamba ya watu yalikuwa nje kidogo tu, mwendo wa asubuhi moja, lakini aliyekwenda kuvuna alikutana na wenye bunduki msituni, na aliyerudi na mzigo alikutana na wenye bunduki mjini. Basi Kindu nzima ikahamia kulima nyuma ya nyumba. Lengalenga, yaani mchicha, ilipandwa penye maua, kando ya choo, juu ya kaburi la mbwa wa jirani. Hakuna aliyeona haya. Mboga hiyo huwa tayari upesi, na wakati ule upesi ndio uliokuwa wa maana.

Taabu ya kulima karibu na njia ni kwamba kijani kinaonekana. Askari wa doria walipita asubuhi, na wakiona tuta lenye majani hawakuomba. Waling'oa pamoja na mizizi huku mwenyewe anatazama. Ndipo mama akatunga ujanja wake. Kitalu chetu kilikuwa nyuma ya jiko, upana wa mlango mmoja. Alikizungushia matofali, juu ya matofali akalaza mabati mawili makuukuu, na juu ya mabati akatupa matawi makavu ya michikichi, gunia bovu na sufuria iliyotoboka. Ukipita njiani uliona jalala. Mama alilionea fahari jalala lile kuliko wengine wanavyoionea nyumba ya matofali, na mara nyingine alisimama barabarani makusudi ili alitazame kwa macho ya askari.

Lakini miche haiwezi kuishi chini ya bati kutwa. Hapo ndipo nilipopewa kazi. Mama na shangazi waliondoka mara tu saa za kutotembea zilipokwisha, wakaenda kutwanga mpunga kwa mfanyabiashara mmoja karibu na bandari, wakarudi kama saa nane mchana na chenga za mchele zilizofungwa kwenye pembe ya kitenge. Hizo ndizo zilikuwa ujira wao. Mimi nilibaki na mdogo wangu, na mama aliniagiza mambo matatu: kufunua mabati alfajiri, kuyarudisha nikisikia buti za doria, kisha kufunua tena zikishapita.

"Miche nayo inakula," aliniambia. "Chakula yake njo jua. Ukilala, yenyewe inalala na njaa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne nilikuwa nimeinua bati la kwanza nusu, nikageuka, nikamkuta askari amesimama kwenye ua, kifua wazi, ananitazama. Hakunifanya kitu. Aliomba moto wa sigara. Nilikwenda jikoni nikamletea kaa la moto kwenye kipande cha chungu, na nyuma yangu bati limeinuka, miche yote inaonekana. Alicheka, akawasha, akaenda zake. Pengine hakuiona. Pengine aliiona akatuhurumia. Sijui mpaka leo, na siku hizi ningelipa kitu kikubwa nijue.

Kuanzia siku ile miguu yangu ilikataa. Nilijifungia ndani na mdogo wangu, nikambeba mgongoni asilie, nikasikiliza njia. Saa sita doria ilirudi kambini kula, mtaa ukanyamaza, ndipo nikatoka kufunua. Mama aliporudi saa nane alikuta miche inaota jua.

"Ulifungua asubui?"

"Nilifungua."

"Basoda walipita?"

"Walipita. Nikafunika, halafu nikafungua tena."

Nilikuwa mwongo hodari. Niliweka hata vitu vya kuaminika: leo walipita askari wawili, jana mmoja alikuwa anapiga mluzi. Ikaendelea hivyo karibu wiki tatu, maisha yote ya kitalu kile. Na miche ikawa mizuri! Ilikuwa ya kijani, imesimama, ina majani manne na matano. Hilo ndilo lililonidanganya mimi mwenyewe. Nilijiambia, kumbe alfajiri haina kazi, mama anatia chumvi tu.

Wakati huo mama na shangazi walikuwa wanachimba bustani yenyewe. Jirani yetu mmoja alikuwa amekimbia na watoto wake, na watu wakabeba paa la nyumba yake, milango na madirisha. Kuta nne zikabaki. Ndani ya kuta zile askari wa njiani hawaoni kitu, na juu ni wazi, jua linaingia lote. Walibomoa sakafu ya udongo kwa majembe, wakatengeneza matuta sebuleni na chumbani. Shangazi alikuwa akitania kwamba mboga zetu zitalala chumbani na sisi tunalala chini.

Jioni ya kupandikiza ilikuja mvua zilipokuwa zimekwisha na kiangazi kimeanza. Mama ndiye aliyeanza. Nyuma ya bafu letu la majani, maji ya kuogea yalipokuwa yanatiririkia, kulikuwa na miche michache ya lengalenga iliyoota yenyewe, ile ile mbegu yetu iliyomwagika tulipokuwa tunapepeta. Hiyo haikuwahi kufunikwa, kwa kuwa ua wa bafu ulitosha kuificha. Mama aliing'oa, akaipanda mstari mmoja chini ya ukuta. Alipomaliza mstari huo homa ikampiga, akatetemeka mpaka meno yanagongana, tukamlaza. Shangazi akachukua miche yote ya kitalu na kuipanda kwenye matuta yaliyobaki, sebule nzima na chumba kizima. Nilimshikia bakuli la maji. Alikuwa na vidole virefu, na kila mche aliubana udongo shingoni kwa vidole viwili, polepole, akiongea nao maneno ya kwao, Kailo, ambayo sikuyaelewa.

Kesho yake saa sita na nusu niliingia ndani ya kuta zile. Miche ya shangazi ilikuwa imelala chini yote. Mstari wa mama ulikuwa umesimama. Majani yake yalikuwa yamelegea kidogo tu, kama ilivyo kwa kitu chochote kilichohamishwa. Tulimwagilia jioni. Michache ya shangazi ikainua shingo, kesho yake mchana ikaanguka tena, na siku ya tatu ilikuwa nyasi.

Katika mtaa wetu wapo watu waliosemwa kuwa na mkono wa moto. Si uchawi, na hawachukiwi. Ni jambo la kuzaliwa nalo tu, kama kutumia mkono wa kushoto. Mtu wa namna hiyo atalima, atapalilia, atavuna, lakini hakaribishwi kwenye kitalu, maana anachokishika kikiwa kichanga kinaungua. Shangazi hakuwahi kusemwa hivyo. Lakini mama, akiwa bado anajishikilia ukutani kwa homa, alikuwa na ushahidi mbele yake.

"Angalia," alisema. "Mbegu ni moja. Maji ni moja. Mangaribi ni moja. Udongo ni moja. Njo mukono tu haiko moja."

Leo mwanafunzi wangu akifikiri hivyo nampongeza. Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, na aliweka pembeni kila kitu kinachofanana ili apate kile kinachotofautiana. Hakukosea kufikiri. Alikosa kitu kimoja tu, nacho kilikuwa mdomoni mwangu.

Shangazi alitazama mikono yake, juu na chini, kana kwamba ameiazima. "Wifi," alisema, "mbona kule Kailo nilipandaka, na ikakubali?"

"Labda ulikuwa ungali mutoto."

Mdogo wangu alikuwa analia njaa, kilio kile cha chini kisicho na machozi. Nilisimama na bakuli. Nilijua kwamba nilidanganya kuhusu mabati. Sikujua mabati yanahusika vipi, lakini mwili ulijua, na nilijua kwamba neno moja langu lingeharibu hesabu nzuri ya mama. Sikulisema. Niliogopa kipigo. Nawaambia watu niliogopa vita, lakini siku ile niliogopa mwiko wa ugali.

Habari ilizunguka mtaa. Wanawake waliokuwa wanasalimiana na shangazi kisimani wakaanza kusimama mbele ya vitalu vyao anapopita, wakijifanya wanatengeneza vitenge. Ilipita wiki. Chenga za mchele hazikutosha watu wanne. Mama akamwambia, kwa sauti ya upole iliyoniuma kuliko angepiga kelele: "Sikufukuzi, wifi. Lakini kwenu iko watu, iko mashamba."

Kulikuwa na kundi la watu waliotaka kuvuka mto Lualaba kwenda Alunguli na kufuata njia za msituni mpaka Kailo. Shangazi alikwenda nao asubuhi moja. Alipoagana nasi hakunishika. Mikono aliificha ndani ya kitenge, akaniinamia kichwa tu, akamwangalia mdogo wangu bila kumbeba, akaondoka. Nililia sana, na mama akadhani ninalia kwa sababu nampenda shangazi.

Mdogo wangu aliishi. Mstari ule mmoja wa mama ulitulisha kwa kuchumwa jani jani, na baadaye njia zilifunguka kidogo. Baba alirudi vita ilipotulia, amekonda, akauliza dada yake yuko wapi. Mama akajibu: kwenu. Baba alikwenda kumwona mara mbili kabla ya kufariki kwake. Kwenye maziko yake shangazi alikuja. Watu wote wa ukoo walitupa udongo kaburini kwa mkono. Yeye aliusukuma kwa ncha ya kiatu. Niliona, nikaelewa, nikanyamaza mara ya pili. Nilikuwa mtu mzima wakati huo, sina kisingizio cha mwiko.

Nilisoma kilimo Kisangani, na sasa nafundisha Kindu, vijana wanaotaka wote kuwa mabwana mipango na hakuna anayetaka kushika jembe. Mambo ya saa ya mimea niliyasikia kwanza darasani, kwa Kifaransa, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anasinzia mwenyewe. Nikayaandika, nikafaulu mtihani, nikayasahau. Miaka mingi baadaye ilinibidi niyafundishe mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, katikati ya sentensi yangu mwenyewe, nikanyamaza. Wanafunzi walidhani nimepata kizunguzungu.

Nilichokuwa naeleza ni hiki. Mmea una saa ndani yake. Hausubiri jua lichomoze ndipo ushtuke. Kabla ya mapambazuko umeshajitayarisha, kwa kuwa jana na juzi zimeufundisha jua linakuja lini. Mapambazuko ndiyo yanayoirekebisha saa hiyo kila siku. Sasa, mzizi ukikatwa, au udongo ukikauka, mmea hutengeneza homoni ya ukame, na homoni hiyo inapeleka agizo kwenye majani: fungeni vitundu vyenu, maji yanatoka. Lakini jani halisikii agizo hilo sawasawa kutwa nzima. Asubuhi jani lina kazi ya kujifungua na kula mwanga, na homoni ikija linaisikia kwa uvivu. Kadiri siku inavyokwenda kuelekea alasiri, ndivyo linavyoisikia upesi na kujifunga. Ni utaratibu wa busara, maana asubuhi jua ni la upole na kujifungua hakuleti hasara kubwa.

Na mche uliohamishwa ni mche uliokatwa mizizi. Hata udongo ukiwa na maji, wenyewe uko kwenye ukame.

Miche yangu ilikuwa imefundishwa wiki tatu kwamba kunakucha saa sita. Saa sita ya kweli ilipofika ndani ya kuta zile, jua la kiangazi limesimama utosini, miche ya mama ilikuwa kwenye mchana wake na ilijua kujifunga. Ya kitalu ilikuwa inaamka. Ilifungua majani kwa ajili ya asubuhi ambayo haikuwepo. Homoni ilikuja na agizo lake, ikakuta majani hayako tayari kusikiliza.

Mwalimu mzuri hasemi kitu asichokijaribu. Nilipanda lengalenga nyuma ya nyumba yangu kwenye maboksi mawili. Boksi moja nililiacha wazi. La pili nililifunika kwa bati kila jioni na kulifunua saa sita, wiki tatu, na safari hii sikumdanganya mtu. Kisha jioni moja nikapandikiza yote kwa mkono wangu, huu mmoja, tuta moja. Kesho yake mchana niliomba ruhusa kazini nikaja kukaa chini. Saa sita na nusu miche ya boksi lililofunikwa ililala. Ya boksi lililoachwa wazi ilisimama. Najua mimea, najua kwamba asubuhi za giza huudhoofisha mche kwa njia nyingine pia, na jaribio la nyuma ya nyumba halitoshi kuandikwa popote. Lakini nililia palepale kwenye vumbi, mwanamke mzima, jirani akachungulia juu ya ua akidhani nimefiwa.

Nilianza kwa mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, macho yake siku hizi hayaoni mawe, anayatafuta kwa vidole. Nilimweleza yote: askari, sigara, uwongo, saa sita. Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo ile yangu ilipona kwa sababu ilikuwa inje."

"Njo vile, mama."

"Na weye ulijua hukufungua."

"Nilijua."

Aliusukuma ungo. "Uliniacha nikamufukuza muntu," alisema. "Nilikuwa na mutoto mwenye njaa na homa, na uliniacha nikamufukuza dada ya baba yako." Nilidhani atanipiga, na ingekuwa afadhali. Alinyanyuka akaingia ndani. Nilipomwomba twende pamoja Kailo alikataa. Atasema nini kule, aliniuliza, aseme mukono yako nimekuletea? Lakini asubuhi niliyoondoka nilipita kwake, nikakuta mlangoni beseni dogo lenye miche ya lengalenga ndani ya udongo wenye unyevu, imefunikwa kitambaa chepesi kilichotobolewa matundu ya hewa. Ilikuwa ya tuta lake, iliyokulia wazi. Hakutoka kuniaga.

Nilivuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli, nikapata pikipiki, nikalishika beseni mapajani njia nzima mpaka Kailo. Dereva alinichekelea akasema, "Sijawahi kuona muntu analinda lengalenga kama mutoto mchanga." Nilimwambia aangalie mashimo.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kibaraza, akisuka mkeka. Amezeeka, vidole vyake virefu vimepinda kwenye viungo. Mkaza mwana wake, mke wa mwanawe aliyelelewa Kailo na ndugu, alikuwa ndani, amejifungua siku chache zilizopita, na kichanga kilisikika kikinung'unika. Tulisalimiana. Sikunywa hata maji, nilisema kabla sijapoteza moyo. Nilieleza kama nilivyomweleza mama, na nilipofika kwenye saa ya mmea nilijikuta nachora kwa kijiti kwenye vumbi, jua hapa, jani hapa, kana kwamba niko darasani. Nilijichukia kwa hilo.

Alimaliza mstari mmoja wa mkeka. Kisha akauliza: "Ulikuwa na miaka ngapi?"

"Kumi."

"Kumi." Aliutoa mkeka mapajani. "Sikiliza, binti ya kaka yangu. Hapa Kailo habari ilinifikia nyuma tu ya miguu yangu. Kila mwaka wanalima, mimi nafyeka, mimi nabeba, mimi napika. Kupanda wananiambia, mama, pumuzika. Mwisho mimi mwenyewe niliamini. Wajukuu yangu wanne wamezaliwa ndani ya nyumba hii. Hakuna hata mumoja nilimushika kabla hajaota meno. Niliogopa nitamuunguza." Aliinua mikono yake iliyopinda akanionyesha. "Sasa unanirudishia mukono yangu, na vidole vinakataa kukunja."

Niliomba msamaha. Aliuliza miche ile ni ya nani, nikamwambia ni ya wifi yake. Akaitazama sana.

Jua lilipopoa tulikwenda kwenye tuta nyuma ya nyumba. Nilichimba mashimo madogo. Aliketi chini, nikampa mche wa kwanza, na udongo wa mizizi ukadondoka kati ya vidole vyake. Vidole viwili vya kubania shingo havikukutana. Alitumia kiganja. Alipanda yote, mmoja mmoja, bila kuongea na miche, na aliponyanyuka magoti yake yalikuwa meusi kwa udongo. Nililala kwake.

Kesho yake aliketi mbele ya tuta tangu asubuhi. Saa saba majani yalilegea. Nilimwambia ni kawaida, mizizi bado haijashika, tungoje saa kumi. Aliniangalia kwa macho ambayo sitayasahau, akasema, "Unaona," akaingia ndani. Nilibaki peke yangu. Niliifokea mimea, kitu ambacho nawakataza wanafunzi.

Saa kumi ilipofika miche ilinyanyuka. Yote. Nilimwita kwa sauti kubwa mno, mpaka mkaza mwana naye akatoka, kichanga kikiwa kifuani. Shangazi aliinama juu ya tuta. Alizunguka upande wa pili, akahesabu kwa mdomo, akarudi. Kisha akamgeukia mkaza mwana na kunyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Nipe mutoto."

Yule binti hakumpa. Alimkumbatia mwanawe zaidi, si kwa ukali, bila yeye kujua. Alimtazama mama mkwe wake, akanitazama mimi, mgeni mwenye maneno ya shule, akaitazama miche. "Mama," alisema kwa heshima, akipiga goti kidogo, "tungoje kesho saa sita. Tuone kama itasimama tena."

Nilifungua mdomo kubisha. Shangazi alinizuia. Mikono ilibaki hewani kidogo, kisha akaishusha na kuipangusa kwenye kitenge. "Iko na haki," alisema. "Tungoje."

Dereva wa pikipiki alikuwa amekuja kunichukua. Nilimwambia arudi Kindu bila mimi, na awaambie kazini kwangu kwamba sitafundisha kesho. Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, nilikuwa nimeshatoka na kuketi kando ya tuta kwenye umande. Ndani nilisikia kichanga kikilia, na shangazi akiuliza kwa sauti ya chini kama kumekucha.